Kiangazi kimeingia, lakini ziwa halijarudi: wakaaji wa kando ya Tanganyika wangojee nini mpaka mwezi wa kumi?

Uvira, mwanzo wa mwezi wa sita 2024

Toka wiki mbili hivi mvua imekatika huku kwetu. Asubuhi mbingu ni nyeupe, vumbi imeanza kupanda kwenye barabara, na watu wanaotoka ku milima wanashuka sokoni na makoti. Kwa mkaaji wa kawaida hiyo ndiyo alama: kiangazi kimeingia, ao kipwa, kama ndugu zetu wa upande wa Kalemie wanavyosema. Na kwa yule ambaye maji ya ziwa yalimufukuza ndani ya nyumba yake mwezi wa ine, kiangazi kiko na maana moja tu: kurudi nyumbani.

Ni hapo tunapenda kusimama leo. Watu wanaotupigia simu ku redio wanauliza swali lile lile: "Maji itatoka lini?" Wengine hawangojei hata jibu. Mama mmoja muuzaji wa ndagala, ambaye nyumba yake iko karibu na ziwa upande wa Kavimvira, alituambia kwamba ameisha kuomba mkopo katika MUSO yao ili anunue matofali na manjanja. Anataka kuanza kujenga mwezi wa saba, wakati maji itakuwa imerudi nyuma kidogo. Watoto wake wako wamelala kwa shangazi yao, watu kenda katika chumba kimoja, na yeye anasema: "Muko watu wa redio, muniambie tu kama naweza kujenga."

Jibu si la ndiyo ao hapana peke yake. Lakini hesabu iko, na kila mtu anaweza kuifanya. Kwa ufupi ni hivi: ziwa litashuka katika kiangazi hiki, lakini litashuka polepole sana, na kwa nyumba nyingi za ukingoni halitashuka vya kutosha kabla mvua kurudi. Tuangalie sababu moja moja.

Mvua tuliyotoka nayo

Hakuna mwenye amesahau vile msimu huu wa mvua ulikuwa. Ulianza mwisho wa mwaka 2023, wakati ule El Niño ilikuwa na nguvu. El Niño ni kupata joto kwa maji ya bahari ya Pasifiki, mbali sana na sisi. Lakini mwaka huo Bahari ya Hindi nayo ilipata joto upande wake wa magaribi, ule wa Somalia, Kenya na Tanzania. Bahari ikiwa na joto, hewa inabeba maji mengi, na upepo unaileta mpaka huku kwetu katikati ya Afrika. Matokeo tuliyaona: mafuriko Kenya, mafuriko Tanzania, na Burundi ambako mwezi wa ine serikali pamoja na Umoja wa Mataifa waliomba msaada juu ya watu walioachishwa makao. Mwanzo wa mwezi wa tano, kimbunga Hidaya nacho kikapiga pwani ya Tanzania.

Maji yote yaliyoanguka Burundi, magaribi ya Tanzania, kaskazini ya Zambia na ku milima yetu yanaenda wapi? Sehemu kubwa yanaingia katika ziwa moja. Mto Malagarasi unaleta ya Tanzania na ya Burundi. Mto Ruzizi unaleta ya ziwa Kivu na ya bonde lote la Ruzizi. Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira, Mutambala na mito mingine midogo inaleta ya milima yetu, pamoja na mawe na udongo. Ndiyo maana mtu anaweza kuona ziwa linapanda hata wiki ambayo kwake hakuna mvua. Mvua imeanguka kwa jirani, na maji yanafika kesho ao wiki ijayo.

Vitabu vya jiografia tulivyosomea ku shule vinaandika kwamba uso wa ziwa Tanganyika uko mita 773 juu ya bahari. Mwaka huu wapimaji walikuta karibu mita 777. Kwa mtu wa mlimani tofauti hiyo ni kitu kidogo. Kwa mtu wa Gatumba, wa Kilomoni, wa Kalundu, wa Baraka, wa Kalemie ao wa bandari ya Moba, hizo mita chache ni nyumba, ni choo, ni shamba la muhogo, ni barabara.

Hewa ya miezi mitatu inayokuja

Sasa kiangazi chenyewe kitakuwa cha namna gani? Kwa mwezi wa sita, wa saba na wa munane, mkaaji wa kando ya ziwa asingojee mvua. Hiyo si ya mwaka huu tu. Katika miezi hii mvua inahama, inaenda kaskazini, upande wa Sudani, Etiopia na Uganda ya kaskazini, na sisi tunabaki na hewa kavu inayotoka kusini mashariki. Inawezekana manyunyu ya siku moja yakaanguka, na ku milima ya Itombwe kunaweza kunyesha kidogo, lakini hiyo haibadilishe kitu ku ziwa.

Kwa joto, mchana kutabaki jua kali, lakini usiku kutakuwa baridi kuliko tulivyozoea. Ku Hauts Plateaux na ku milima ya Marungu, baridi ya mwezi wa saba ni ya kweli, na wale wanaolala katika vibanda vya mahema wanahitaji mablanketi, si manjanja peke yake. Moshi nao utaongezeka. Ni wakati wa kuchoma majani, na kila mwaka kufika mwezi wa munane hatuoni tena milima ya Burundi toka Uvira juu ya ukungu wa moshi na vumbi. Wenye ugonjwa wa pumu na watoto wadogo wanaumia zaidi katika majuma hayo.

Kitu kikubwa cha kiangazi ku ziwa si jua. Ni upepo. Toka mwezi wa tano mpaka mwezi wa kenda, upepo wa kusini unavuma juu ya ziwa lote, kutoka upande wa Mpulungu kule Zambia kuja mpaka kwetu. Ziwa liko na urefu wa kilomita karibu 670, na upepo ukipata njia ndefu namna hiyo bila kizuizi, mawimbi yanakua. Nyumba ambayo mwezi wa ine ilisimama ndani ya maji matulivu, mwezi wa saba inaweza kupigwa na mawimbi kila siku. Kwa hiyo musishangae mukiona kuta zinaanguka katika kiangazi, wakati maji yanashuka. Matofali ya udongo yaliyolowa miezi miwili hayana nguvu tena, na wimbi linamaliza kazi.

Hesabu ya ziwa

Tufike sasa kwenye swali la mama wetu. Ziwa linashuka namna gani?

Watu wengi wanafikiri maji ya ziwa yanatoka kwa mto Lukuga, kule Kalemie, kama maji yanavyotoka kwenye beseni lenye tundu. Ni kweli Lukuga ndio mto peke yake unaotoka katika ziwa Tanganyika, na unaenda kuingia mto Lualaba. Lakini Lukuga unachukua sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa sana ya maji inayotoka ziwani inaenda juu, hewani, kwa sababu ya jua na upepo. Ni sawa na nguo uliyoanika: hakuna mtu aliyekamua, lakini jioni imekauka.

Kwa mwaka mzima, jua na upepo vinaondoa ku uso wa ziwa karibu mita moja na nusu ya maji, kidogo zaidi ao kidogo chini. Ukigawanya kwa siku, unapata milimita 4 ao 5 kila siku. Ni kama unene wa mukeka. Sasa tuhesabu: kutoka mwanzo wa mwezi wa sita mpaka mwisho wa mwezi wa kumi kuko siku 150. Mara milimita 4 ao 5, ni sentimita 60 mpaka 75. Ongeza kidogo inayotoka kwa Lukuga, punguza kidogo inayoendelea kuingizwa na mito ambayo haikauki. Unafika karibu na kile ambacho wapimaji wa ziwa wanajua toka zamani: ziwa Tanganyika linafika juu kabisa mwezi wa ine ao wa tano, linafika chini kabisa mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, na kati ya juu na chini tofauti ni sentimita 80 hivi, mpaka karibu mita moja katika mwaka ambao kiangazi ni kikali.

Kwa hiyo kila mtu aende kwake na aangalie. Maji ikiwa ndani ya nyumba yako imefika kwenye kifundo cha mguu, unaweza kutumaini sakafu kavu kufika mwezi wa munane. Ikiwa imefika magoti, itatoka mwezi wa kenda ao wa kumi, na utakuwa na majuma machache tu kabla mvua kuanza. Ikiwa imefika kiunoni, usijidanganye: kiangazi hiki peke yake hakitaiondoa.

Mimi mwenyewe nilipanda kijiti chenye alama ku ukingo katikati ya mwezi wa tano, pahali penye majani ambapo mawimbi hayapige sana. Kufika juzi, ziwa lilikuwa limeshuka upana wa vidole viwili. Vidole viwili, ndugu zangu. Jirani mmoja aliniona nimeinama pale akacheka: "Papa, unapima bahari na kijiti?" Lakini kijiti hicho kinasema kweli kuliko maneno yote tunayoyasikia sokoni.

Je, Lukuga umezibwa?

Kati ya maneno ya sokoni, moja linarudi kila siku: kwamba mto Lukuga umezibwa, na ukizibuliwa maji itatoka yote kwa wiki mbili. Neno hili haliko la bure kabisa, lina historia.

Katika miaka ya 1870, wakati wazungu wa kwanza walipopita huku, mlango wa Lukuga ulikuwa umefungwa na mchanga na majani. Ziwa lilikuwa limepanda kupita vile tunavyoliona leo. Mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi na mto ukafunguka. Kisha ziwa likashuka karibu mita 10. Lakini tuangalie muda: lilishuka mita hizo kwa miaka kama 15, si kwa wiki mbili. Na hapo ni mto uliokuwa umefunguka wote kwa nguvu yake.

Sababu ni ukubwa wa ziwa lenyewe. Uso wake ni kilomita za mraba karibu 32 900. Ili kuondoa mita moja ya maji, unapaswa kutoa kilomita za ujazo 33. Kuchimbua mchanga na kung'oa majani ku mlango wa Lukuga kunaweza kusaidia kwa miaka inayokuja, na ni kazi ya inchi zote ine zinazogawana ziwa: Congo, Burundi, Tanzania na Zambia. Lakini hata kazi hiyo ikianza kesho, haitaokoa nyumba ya mtu katika kiangazi hiki. Na kuna upande wa pili: si zamani sana, kelele ilikuwa kinyume. Watu wa bandari walikuwa wanalalamika kwamba ziwa linapungua, meli hazifike vizuri, na ikazungumzwa kujenga ukuta ku Lukuga ili maji yasitoke mengi. Mtu anayefungua mlango leo anapaswa kujua namna ataufunga kesho.

Udongo huu ni wa nani?

Hapo tunagusa neno ambalo wengi hawapendi kusikia. Wazee wetu waliokaa kando ya ziwa toka zamani wanakumbuka mwaka 1964. Miaka ile, kisha mvua kubwa za 1961 na zile zilizofuata, ziwa lilipanda sana, na lilikaa juu muda mrefu kabla ya kurudi chini kidogo kidogo. Wakati huo ziwa Victoria nalo lilipanda, sawa vile limepanda mwaka huu. Mwaka 1998, kisha El Niño nyingine, ziwa letu likapanda tena. Katika miaka ya 2000 likashuka sana, na kukaonekana mchanga mpana, mzuri, tambarare.

Na katika miaka ile ile, ni nani alikuwa anatafuta pa kujenga? Watu waliokimbia vita ku milima, waliorudi kutoka kambi za Tanzania, waliotoka vijiji vya Fizi na vya bonde la Ruzizi kutafuta usalama katika mji. Mji uko umebanwa kati ya mlima na ziwa. Juu, mito inateremka na mawe: hatujasahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa ine 2020, wakati Mulongwe ilipobeba nyumba na watu. Chini, kulikuwa mchanga ule. Watu wakauziwa viwanja, wakapewa makaratasi, wakajenga. Hawakuwa wajinga. Walijenga pahali palipokuwa pakavu, na hakuna mtu aliyewaambia kwamba ule mchanga ni kitanda cha ziwa, na mwenye kitanda amesafiri tu.

Ndiyo sababu hatupendi kusikia wakubwa wakisema "walijenga vibaya" na kuishia hapo. Aliyejenga alikosea, lakini aliyeuza na aliyepiga muhuri naye alikuwa pale. Ikiwa leo serikali inasema watu wasirudi ukingoni, iseme vilevile waende wapi. Kumwambia mama wa watoto saba asijenge ku ziwa, na hakuna kiwanja kingine cha kumuonyesha, ni kumwambia alale njiani. Na tusisahau Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, tarehe 4 mwezi wa tano 2023: watu zaidi ya 400 walikufa kwa mafuriko yaliyotoka ku milima. Kuhamisha watu kutoka ukingo wa ziwa na kuwaweka ku mdomo wa mto si kuwasaidia.

Ziwa, mitumbwi na ndagala

Upepo wa kusini hauvunje nyumba tu. Barabara ya Uvira kwenda Baraka na Fizi ni mbaya, na pahali pengine maji imeikata. Kwa hiyo watu wengi zaidi wanapanda mitumbwi na boti. Mabiashara wa mahindi, wa mafuta ya mawese, wa simenti, wote wako ziwani. Na kiangazi ndio msimu wa mawimbi. Kila mwaka tunasoma ku redio majina ya watu waliozama, na mara nyingi sababu ni ile ile: mzigo mwingi, safari ya usiku, hakuna jileti. Mvuvi mmoja mzee wa Makobola alitupa ushauri wake bila kuzunguka: "Mwanangu, mwezi wa saba ziwa halizoelewe. Ukiona nahodha anangoja, na wewe ngoja."

Kwa upande wa samaki, wavuvi wanajua kwamba miezi hii ndagala inapungua huku kaskazini. Upepo unasukuma maji ya juu kuja upande wetu, na kule kusini maji ya chini, yenye chakula cha samaki, yanapanda. Upepo ukinyamaza mwezi wa kenda, maji yanarudi na kuyumba, na chakula kinafika kwetu nasi. Basi bei ya ndagala kupanda mwezi wa saba si uchawi wa wafanya biashara peke yake.

Mwaka huu kuko neno lingine. Inchi ine za ziwa zimepatana kwamba uvuvi upumzishwe miezi mitatu, kutoka tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa munane, ili samaki wazae. Tanzania imefunga upande wake. Mvuvi wa kwetu anayevuka mpaka wa maji akifuata samaki anaweza kupoteza mtumbwi, nyavu na taa zake zote. Kabla ya kusukuma apollo ndani ya maji, pita kwa komite ya wavuvi ya bandari yako, uliza masharti yake. Kwa jamaa ambayo maji imekula shamba na ziwa limefungwa, miezi hii mitatu itakuwa mirefu, na wanaogawa msaada wanapaswa kuihesabu hivyo.

Maji mengi, maji ya kunywa hakuna

Kitu kinachotutia woga zaidi katika kiangazi hiki hakionekane kwa macho. Vyoo vingi vya ukingoni viko chini ya maji. Kilichokuwa ndani yake kimeingia ziwani, ku maji yale yale ambayo watoto wanachota asubuhi. Katika mvua, watu walikuwa wanapata maji ya manjanja. Kiangazi hakuna. Bomba likikauka, ni ndoo na ziwa.

Uvira na Kalemie zinajulikana katika Congo yote kama makao ya kipindupindu. Watafiti waliwahi kulinganisha, hapa Uvira, siku ambazo maji ya bomba ilikatika na siku ambazo wagonjwa waliingia katika kituo cha kipindupindu, kutoka mwaka 2009 mpaka 2014. Walikuta kwamba kisha siku bila maji, katika siku 12 zinazofuata, idadi ya wagonjwa ilipanda zaidi ya mara mbili. Hesabu hiyo ilifanywa wakati ziwa lilikuwa limetulia pahali pake. Leo ziwa liko ndani ya vyoo.

Kwa hiyo: maji ya ziwa isichotwe karibu na nyumba zilizozama. Ichemshwe, ao itiwe dawa ya klorini, hata ikiwa inaonekana safi. Mtu akianza kuhara maji maji, apewe maji ya sukari na chumvi mara moja na apelekwe kituoni siku ile ile, asingojee asubuhi. Watoto wasiogelee katika mitaa yenye maji: kuko kichocho, kuko misumari na manjanja yaliyovunjika chini, na mamba na viboko wamefuata maji mpaka karibu na nyumba.

Na mvua inayokuja?

Tarehe 3 ya mwezi huu, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, OMM, limetangaza kwamba El Niño inamalizika. Wanasema kuna nafasi 60 kwa mia kwamba La Niña, ambayo ni kinyume chake, itaingia kati ya mwezi wa saba na wa kenda. Wengine wamesikia hivyo wakafurahi: La Niña inaleta ukavu, basi ziwa litashuka.

Tuende polepole. La Niña mara nyingi inapunguza mvua za mwisho wa mwaka upande wa pwani: Somalia, Kenya, kaskazini ya Tanzania. Kadiri unavyoenda magaribi, nguvu yake inapungua, na upande wetu wa ziwa haionekane kila mara. Nafasi 60 kwa mia maana yake tena ni kwamba 40 inabaki. Na hata mvua ikija ya kawaida tu, si nyingi si kidogo, itaanzia pahali pa juu. Ziwa ambalo mwaka huu lilianza kupanda likiwa tayari limejaa, mwaka kesho linaweza kuanza kupanda tena kabla halijashuka vya kutosha. Hapo ndipo hatari iko. Mvua moja kubwa haikujaza ziwa hili. Ni miaka mingi toka 2019, moja juu ya ingine.

Kwetu Uvira mvua za kwanza zinaanguka mwezi wa kenda. Kwa watu wa Kalemie na Moba ni mwezi wa kumi. Ndiyo kusema tuko na siku kama 100, ao kidogo zaidi, za kufanya kazi kavu. Zitumiwe kwa nini?

Kwa wakubwa wa mji na wa teritware: kusafisha mito kabla haijaleta mawe tena, kutengeneza barabara pahali ilipokatika, kupima na kuonyesha kwa alama wazi pahali ziwa lilifika mwaka huu, na kukatalia kabisa kuuza viwanja chini ya alama hiyo. Chefu wa avenyu asiache alama hizo zifutwe. Mwezi wa munane mchanga utaonekana tena, na wauzaji wa viwanja watatokea, kama kawaida. Mtu akikuonyesha kiwanja kizuri cha bei ya chini karibu na ziwa katika kiangazi hiki, uliza majirani maji ilifika wapi mwezi wa tano.

Kwa wakaaji: pandeni vijiti, kila kikundi cha nyumba kumi kiwe na chake, na mpime kila siku ya Mungu. Ondoeni manjanja, milango na mbao zinazoweza kuokolewa kabla upepo haujaziharibu. Anayeweza kupangisha juu kwa miezi sita, apangishe.

Na kwa mama wetu wa Kavimvira, tulirudi kwake na kijiti chetu. Maji mu nyumba yake ilikuwa imefika katikati ya mguu, kati ya goti na paja. Tulihesabu pamoja kwa vidole, mwezi kwa mwezi. Tulipofika mwezi wa kumi, maji ilikuwa bado imefika karibu na kizingiti cha mlango. Alinyamaza, kisha akauliza kama MUSO inaweza kukubali mkopo ule ule kwa kununua kiwanja pembeni ya barabara ya juu badala ya matofali. Wenzake watakutana siku ya posho kulizungumza. Matofali, alisema, hayaozi, yanaweza kungoja.